Ticha Aliyetufundisha Maneno ya Ugomvi

Tulimwita Ticha. Jina lake alikuwa nalo, limeandikwa kwa rangi nyeupe juu ya mlango wake, lakini ukiingia mtaani kwetu Kamalondo ukamuulizia kwa jina lile ungezunguka mpaka viatu vikushinde. Ukisema Ticha, hata mlevi aliyeketi mbele ya baa angekunyooshea mkono kukuonyesha njia. Alifundisha Kiingereza alasiri, barazani kwake, na wengi wa wanafunzi wake walikuwa watu kama mimi: wanawake wa biashara, wengine tayari nyanya wa watu, tuliochoka kusimama mpakani Mokambo tukitabasamu kama mabubu huku Wazambia wakizungumza juu ya vichwa vyetu.

Mimi nauza samaki wakavu wa Pweto. Nilikwenda kwa Ticha kutafuta maneno ya sokoni, basi: kilo, gunia, bei ya mwisho, na jinsi ya kumwambia mtu atoe vidole vyake kwenye samaki wangu kama hana nia ya kununua. Maneno hayo niliyapata upesi. Lakini nilibaki barazani pale miaka, na sababu nitaisema sasa hivi, maana sipendi watu wanaokusimulia jambo huku wanalificha. Nilikuwa sisemi na dada yangu.

Ni mkubwa wangu wa tumbo moja, na kwetu mkubwa wako anaitwa yaya. Yaya aliishi barabara ya nyuma ya kwangu, hapo hapo Kamalondo. Mama yetu alipofariki mimi nilikuwa Mokambo na mzigo, lori limekufa, simu ina laini ya Zambia ambayo nyumbani hawakuijua. Nilirudi na vumbi la njia usoni, nikakuta wanawake wanaosha sahani za matanga. Mama alikuwa ameshazikwa. Yaya alisema alinipigia simu mpaka akachoka, na kwamba mwili haukuweza kungoja. Nilimwangalia, nikageuka, nikaenda kwangu. Tangu siku ile sikumsalimia, naye hakunisalimia. Sokoni nilikuwa nazunguka kwa njia ya wauza mkaa, najichafua miguu, ili tu nisipite mbele ya meza yake. Na iliniuma. Nasema wazi, iliniuma kila siku. Asubuhi nikipiga mswaki iko pale.

Sasa mtu mwenye kitu kama hicho kifuani, akamsikia mwalimu anaeleza aina za ugomvi kwa utulivu, namna muuza dawa anavyoeleza aina za homa, ataondoka? Sikuondoka.

Ticha alikuwa mrefu, mwembamba, na shati la mikono mifupi lililofungwa mpaka kifungo cha shingo. Tai kila siku, hata kwenye lile joto la Oktoba linalotangulia mvua. Chai aliinywa bila sukari, kisha akala sukari peke yake kwa kijiko, na ukimcheka alikuambia vitakutana tumboni. Aliogopa mbwa, hata wale wadogo ambao macho hayajafunguka. Alicheka mdomo umefungwa, mabega yakitikisika, ukadhani analia. Darasa likipiga kelele alinyamaza tu, akaangalia sakafu, akangoja. Ee, kunyamaza kwa yule mtu! Tuliogopa kunyamaza kwake kuliko tungeogopa fimbo.

Alikuwa na neno lake alilolirudia mpaka tukamwigiza nyuma ya mgongo: "Usiseme neno haujaiona inatembea." Kwa hiyo kila neno lilichezwa. Aliwaita watu wawili mbele, akawapa neno, nao wakalicheza hadi darasa zima lilione. Na hapo palikuwa na sheria. Mchezo ukimalizika, wale wawili walipeana mikono na kusema kwa sauti, kwa Kiswahili, wote wasikie: "Ilikwisha." Bila hivyo hukuruhusiwa kukaa. Siku moja mama mmoja muuza vitenge na mwenzake walicheza "quarrel" vizuri sana, tukacheka mpaka machozi, wao wakakimbilia benchi lao bila kufunga mchezo. Nikamwona Ticha amebadilika rangi.

"Murudi hapa!" akapaza sauti, yeye ambaye hakuwahi kupaza sauti. "Mufunge kwanza! Mufunge!"

Wakarudi, wakashikana mikono, wakasema ilikwisha.

Tulimuuliza kwa nini anatupa maneno ya ugomvi tu, wiki baada ya wiki, wakati lugha ina maneno ya harusi na ya chakula pia. Akasema maneno ya chakula tumbo litatufundisha. Maneno ya ugomvi ndiyo yanayomfunga mtu jela katika nchi ya watu. Akatupa mfano wa mwanafunzi wake wa zamani, mama wa watu, aliyebishana na mwenye ghala upande wa Zambia juu ya ufunguo. Polisi akamuuliza kuna nini. Yeye, kwa kuwa alijua neno moja tu, akajibu "fight". Basi akawekwa ndani mpaka asubuhi pamoja na mwenye ghala, na hakuna aliyemgusa mwenzake hata kwa kidole. "Ilikuwa argument," Ticha akasema kwa huzuni, kana kwamba anataja mtoto aliyepotea. "Argument tu, maskini."

Nayakumbuka yote namna alivyotupa. "Argument" ni ya midomo na sababu. Kila mmoja anataka kushinda, na bukari, ugali wetu, ikiiva wote wanakula. "Quarrel" ina joto, na ni ya watu wanaojuana. "Unaweza kugombana vile na muntu haujue?" alituuliza. "Hapana. Na muntu haujue unapiga kelele tu." "Dispute" ina kitu katikati, mpaka wa kiwanja au mlango wa duka, na inamtafuta mtu wa tatu wa kuamua. "Feud" inarithiwa, watoto wanaikuta nyumbani pamoja na vyungu, hawajui nani aliileta. "Hostility" si lazima iwe ya mtu. Inaweza kukaa mahali. Unaingia nyumba ya watu, umekaribishwa, umepewa kiti, hakuna aliyekukosea, na bado mwili wako unataka kutoka.

Halafu yale mawili aliyoyaweka mwisho wa mwaka, na aliyafundisha akiwa amekaa.

"Grudge," akasema, "unabeba peke yako. Mwenzako iko analala muzuri, anakula, anacheka, hata haijue. Iko muzigo yako. Siku unachoka, unatula chini, inaisha, hata bila kumuambia."

"Na enmity?" nikauliza mimi.

"Enmity iko kamba, mama. Bantu babili. Weye unashika huku, yeye anashika kule. Mumoja akiachilia, inaanguka. Enmity ya muntu mumoja haiko."

Nikaandika moyoni. Usiku ule wote nilikuwa najiuliza yangu na yaya ni ipi kati ya hizo mbili, na nikajiambia ni ya kwanza, maana ndiyo iliyokuwa rahisi.

Ajabu ya mtu huyu ni kwamba mtaani alikuwa mpatanishi. Mume na mke wakitupiana sufuria, Ticha anaitwa. Wauza vocha waking'ang'ania kona moja, Ticha. Alifika na tai yake, akasikiliza, akawaambia kwa upole ni kitu gani hasa walichonacho, na mara nyingi watu wakishajua jina la ugonjwa wao hupoa. Lakini yeye mwenyewe, ndani ya lupango lake, hakusema na mdogo wake.

Lupango ndiyo tunaita kiwanja chenye ukuta na nyumba ndani. Hilo lilikuwa na nyumba mbili zinazotazamana, ya Ticha huku, ya mdogo wake kule, na bomba la maji katikati. Tulisomea baraza la huku. Kila alasiri, jua likianza kulegea, mlango wa kule ulifunguka, mdogo wake akatoka na kiti, akakaa akitutazama. Alikuwa kama Ticha wa pili, urefu ule ule, tai vilevile, ila kichwa chake kilikuwa na mvi zaidi. Hakusonya, hakutukana, hakufanya lolote. Alikaa mikono magotini, akamtazama kaka yake. Ticha naye alijirekebisha kola ya shati, akaendelea kufundisha akimtazama yeye, si sisi. Wageni walidhani wanapendana sana.

Wale kuku! Hilo lazima niliseme. Kila nyumba ilikuwa na kuku wake, na kuku wa huku hawakuvuka bomba kwenda kule, wala wa kule hawakuja huku. Hakuna waya, hakuna kamba, hakuna mtoto wa kuwafukuza. Ukimwaga punje za mahindi katikati, walisimama pande mbili wakiziangalia. Mimi mwenyewe nilimwaga siku moja kwa kujaribu, kwa kichwa changu kigumu, kisha nikatamani nisingefanya hivyo.

Mtaani walikuwa na sababu zao. Wengine walisema ni mwanamke. Wengine walisema ni lupango lenyewe, urithi. Jirani mmoja mwenye ulimi mrefu alinong'ona kwamba mmoja alimtupia mwenzake uchawi, ila hakujua yupi. Kila sababu ilikuwa na shahidi aliyekuwepo, na mashahidi hawakulingana hata wawili. Kitu kimoja walikubaliana: hakuna aliyewahi kuwasikia ndugu wale wakitukanana.

Mdogo wake alikufa msimu wa mvua, ghafla, akiwa kitini. Tulikuwa darasani. Alitoka kama kawaida, akakaa, mikono magotini, akatazama. Tulikuwa tunacheza neno, sikumbuki tena lipi, na ilipita muda mrefu kabla mmoja wetu hajasema, "Ticha, mudogo yako hafungi macho." Ticha akasema anajua. Alikuwa amejua tangu lini? Hakuwa ameacha kufundisha.

Kwetu, watu wa kaskazini tuliolelewa mjini hapa, ukiwa husemi na mtu na yeye akafa, hazikwi huku mdomo wako umefungwa. Kabla jeneza halijafunikwa wazee wanakuita. Unapewa maji kwenye kikombe, unasema jambo lenyewe, wazi, "uliniudhi kwa hili na hili," kisha unachukua maji kinywani na kuyapuliza chini kando ya maiti. Limetoka. Hapo unaweza kumlilia kama watu wengine. Mapadri wanajua, wanasubiri nje kidogo, wanaangalia saa zao.

Wazee wakamwita Ticha. Tulijaa uani, darasa zima tupo, mvua imekata. Akasogea na tai yake. Akapewa kikombe, akachukua maji kinywani. Hakuwa amesema jambo. Mzee mmoja akamnong'oneza, "Sema kwanza, Ticha. Sema neno." Ticha akasimama mashavu yamejaa, akimwangalia mdogo wake, na sisi tukangoja. Tukangoja mpaka mtoto wa mtu akaanza kulia. Kisha tukaona koo lake linapanda na kushuka. Aliyameza.

Mama yangu! Ticha akarudisha kikombe, akasema asante, akaenda kukaa barazani kwake. Jeneza likafunikwa.

Baada ya matanga familia ikapangisha nyumba ile ya kule. Wapangaji wa kwanza walikuwa watu wa Kivu Kaskazini, wafanyabiashara wa jumla, wachapakazi, watu wa sala, hawaogopi vitu vya kipuuzi. Hawakumaliza mvua. Nilimuuliza mama wa ile nyumba wamekosa nini, maana nyumba ilikuwa nzuri na bomba liko mlangoni.

"Hapana kitu," akasema huku anafunga magodoro. "Hakuna kinachotembea, hakuna sauti. Tunaona tu kwamba hatutakiwi."

Wakaja wengine, wakaondoka. Mmoja alilalamika tu kwamba alasiri hawezi kukaa nje, kwa sababu anajiona kama amekalia kiti cha mtu. Ticha aliendelea kufundisha. Na jua likianza kulegea, katikati ya sentensi, mkono wake ulikwenda kwenye kola ukairekebisha, macho yakanyanyuka, yakabaki kule kule. Sisi tuligeuka pia, hatukuweza kujizuia. Mlango umefungwa. Hakuna mtu. Mmoja mmoja wanafunzi wakaacha kuja, kila mmoja na kisingizio chake, na mimi cha kwangu kilikuwa kwamba samaki ni wengi. Nilikuwa naogopa, basi.

Miaka ikaenda. Nilimwona kwa mbali akitoka kanisani, amepinda kidogo, tai ile ile. Kisha, mwaka huu, mwanzo wa kiangazi, muuza mkaa mmoja aliniambia kwa furaha ya mtu mwenye habari mbaya kwamba yaya anahama. Mwanawe aliye Pweto amemjengea chumba. Anakwenda kuishi huko moja kwa moja, lori linaondoka kesho asubuhi. Nikasema, "Ah, vizuri," nikaendelea kupanga samaki. Nilipanga wale wale samaki mpaka jirani yangu wa mezani akaniuliza kama ninaumwa. Nikafunika meza. Miguu haikunipeleka kwa yaya, ilinipeleka kwa Ticha.

Nilimkuta barazani peke yake. Mabenchi hayakuwepo. Alinitambua mara moja, akaniita mama samaki kama zamani, akaniletea kiti na chai, na sukari pembeni na kijiko chake. Nikamweleza yote, la matanga, la simu, la lori la kesho.

"Ticha, uniambie," nikasema. "Yangu na yaya, iko grudge ao iko enmity?"

"Sababu gani unauliza?"

"Sababu kama iko grudge, iko yangu peke yangu. Minaweza kuitula chini kwangu nyumbani, inaisha. Hapana lazima kwenda kwake. Anaenda salama, minabaki salama."

Mabega yake yakatikisika kidogo. "Ulijaribu kuitula?"

"Mara mingi sana."

"Na?"

"Haikubali. Nikiiacha, inavutwa."

Aliposikia hivyo aliacha kucheka. Akaangalia mlango wa kule, ambao sasa ulikuwa na kufuli lenye kutu, na akaanza kusema polepole, na sauti yake ikawa ndogo hata nikasogeza sikio.

Aliniambia kwamba yeye na mdogo wake hawakugombana hata siku moja. Hakuna mwanamke. Hakuna urithi. Walikuwa wakifundisha pamoja, baraza moja, wawili wakigawana darasa, na wanafunzi wa wakati ule, kabla yetu sisi, wakashindwa kutofautisha yale maneno mawili. Basi ndugu wale wakaamua kuwaonyesha. Wangeicheza "enmity" wenyewe wiki nzima, hadharani, na siku ya posho, yaani Jumamosi, wangeshikana mikono mbele ya darasa. Wakahamisha viti, kila mmoja kwake. Wakaacha kusalimiana. Wanafunzi walifurahi mno.

"Siku ya posho ikafika," akasema. "Minamungojea yeye akuje. Mi ni mukubwa. Mudogo ndiye anaanza kuja, si unajua? Yeye naye ananingojea mi, sababu mi njo nilitoa neno, na mwenye kutoa neno njo anafunga. Sheria yangu mwenyewe. Bantu banacheka, banasema aba bantu banajua kucheza. Jua ikashuka, kila muntu kwake."

Wiki ya pili alimsifu mdogo wake moyoni, jinsi anavyojua kukaza uso. Wiki ya tatu asubuhi moja walikutana bombani, na mdogo wake akamtazama, na Ticha akagundua kwamba hajui tena kama yule anacheza. Akaogopa. Akarudi ndani kujiuliza kama yeye mwenyewe anacheza, na hilo pia hakulijua. Baada ya hapo hakukuwa na siku iliyofaa.

"Na yale maji, Ticha?" nikauliza. "Kwa nini uliyameza?"

Akanigeukia. "Ningesema nini? Banataka useme jambo. Jambo haikukuwa. Nimwambie marehemu uliniudhi, na hakuniudhi? Kupuliza bila kusema jambo iko kumudanganya maiti. Nikatafuta, mama. Nilisimama pale natafuta kitu hata kidogo alinifanyia. Sikupata."

Nilitaka kumwambia pole. Nikamsogezea sukari na kijiko.

"Nikasema basi," akaendelea. "Amekufa. Kamba itaanguka. Njo nilifundisha maisha yangu yote: haiwezi kushikwa na muntu mumoja. Nikangojea ikuwe grudge yangu, nibebe peke yangu, ningebeba. Grudge minaijua uzito yake." Akainua mkono wake wa kulia, akaukunja polepole, na nikaona mishipa inasimama. "Hii haiko uzito ya muntu mumoja. Inavutwa. Sasa weye uniambie, mama samaki. Nani anashika kule?"

Mkono wake ukaenda kwenye kola. Jua lilikuwa limelegea. Mimi nilikuwa nimekaa mgongo kwa mlango wa kule, na naapa, sikuamua kufanya hivyo, lakini nilijikuta nimesogeza kiti changu pembeni, namna unavyompisha mtu anayetaka kuona. Nywele zilinisimama mwili mzima. Ticha hakunitazama tena. Aliuliza tu, macho yake kule:

"Yaya yako anaenda wakati gani?"

"Kesho asubuhi, Ticha."

"Na weye uko kwangu, unafanya nini?"

Nikasimama. Sikuaga vizuri, Mungu anisamehe, niliacha hata kikapu. Nilifika langoni ndipo nikaona kwamba nimepita kando kando ya ukuta, nikiliacha bomba mbali.

Kwa yaya mlango ulikuwa wazi. Marobota yalikuwa yamefungwa, yamepangwa ukutani, na meza yake ya sokoni imegeuzwa miguu juu. Nikapiga hodi. Sauti yangu ilitoka nyembamba hata sikuipenda. Akatoka, kitambaa kichwani, kamba ya katani mkononi. Alikuwa amezeeka. Sokoni nilikuwa nikimwona mgongo tu.

Akaniangalia kutoka kichwani hadi miguuni, bila haraka.

"Bonjour, mama," akasema. "Unatafuta nani?"

Nilingoja acheke. Hakucheka. Nilitafuta hasira usoni mwake, ile niliyokuwa nimejiandaa kukutana nayo njia nzima, na sikuiona hata chembe. Alikuwa mpole, ana subira, kama anavyokuwa na mteja wa mara ya kwanza. Na macho yake yalikuwa mazima kabisa, alinijua. Hapo niliogopa kuliko nilivyoogopa kwa Ticha. Nikafikiri, ameachilia. Sijui lini, labda mwaka jana, labda jana jioni akifunga marobota, na mimi nilikuwa navutana na mkono usiokuwepo.

"Ninatafuta yaya yangu," nikasema.

Akaizungusha ile kamba kwenye vidole.

"Yaya yako alikungojea sana," akasema.

"Najua."

"Haujue. Alikaa na simu mpaka kaburini. Banamuambia tufukie, yeye anasema ngoja kidogo, mudogo yangu iko njiani. Banafukia, yeye bado anashika simu."

Sikuwa nimewahi kuambiwa hivyo. Sikuwa nimeuliza. Machozi yalinitoka tu, sikuyafuta, na watu wa barabarani walikuwa wanapita wakitazama, na sikujali.

"Anaweza kungoja tena kidogo?" nikauliza.

Yaya alitazama barabarani juu ya bega langu, muda mrefu, mpaka nikasikia baridi shingoni na nikajizuia nisigeuke. Kisha akasogea pembeni ya mlango, nafasi ya mtu mmoja kupita kwa ubavu. Hakusema karibu. Niliingia.